Johan Hjort: Mtu aliyetafuta umri wa samaki

Nilipokuwa mdogo, kila samaki walipoadimika wazee wa bandarini kwetu walikuwa na jibu moja: wamehama. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoyasoma maisha ya Johan Hjort, mwanasayansi wa Norway aliyezaliwa 1869 na kufariki 1948.

Huko Lofoten, kaskazini mwa Norway, wavuvi humngoja torsk kila majira ya baridi. Ni samaki mkubwa, anaweza kupita urefu wa mita moja. Mwaka mmoja mashua hujaa, mwaka mwingine hurudi tupu. Wataalamu wengi wa enzi hizo nao walidhani samaki amebadilisha njia tu.

Hjort hakutosheka na dhana. Mwaka 1900 Norway ilipata Michael Sars, meli ya mvuke iliyoundwa kwa ajili ya utafiti, na yeye ndiye aliyeongoza kazi zake. Badala ya kumngoja samaki sokoni, sasa aliweza kumfuata aliko, msimu baada ya msimu: kupima joto na chumvi ya maji, kukokota nyavu kilindini, na kuchota mayai na samaki wachanga wanaoelea. Mwaka 1910, pamoja na John Murray wa Uingereza, aliipeleka meli hiyo Atlantiki ya Kaskazini, wakashusha nyavu na vipimo maelfu ya mita.

Yeye na wenzake wakahesabu pia umri wa samaki. Magamba yana duara za miaka, kama shina la mti. Kwa heringi, samaki mdogo anayevuliwa kwa wingi huko, waligundua kwamba wale waliozaliwa 1904 ndio waliojaa nyavuni mwaka baada ya mwaka. Kizazi kimoja kilikuwa kinawalisha watu wote. Torsk naye alionyesha hali hiyo hiyo.

Katika kitabu chake cha 1914 Hjort alieleza kwamba wingi wa samaki hutegemea sana ni wachanga wangapi waliopona mwaka waliozaliwa. Akiba ya kiini cha yai ikiisha na chakula kisiwepo karibu, hufa kwa mamilioni. Pengo lake mvuvi huliona miaka kadhaa baadaye.

Norway ilileta meli ya utafiti hata kwetu: Dr. Fridtjof Nansen ilipima samaki wa pwani ya Kenya miaka ya 1980. Lakini meli hupita, na mvuvi hubaki. Nguru na chewa wanapopungua, bado tunalaumiana: huyu kaleta nyavu haramu, yule kaja kutoka mbali. Huenda kweli. Lakini bila kujua samaki tunaowatoa wana umri gani, tunabahatisha tu. Ningependa kila banda la samaki Pwani liwe na mtu wa kupima na kuandika, kila mwezi, kila mwaka. Hjort alianza na magamba.