Speke, mgeni wa Rumanyika aliyejiumiza sikio kwa kisu

Ukisoma historia ya Karagwe hukosi kukutana na John Hanning Speke, Mwingereza aliyepokelewa na Mukama Rumanyika pale Bweranyange. Lakini kuna habari moja ya maisha yake ambayo haisemwi sana, nayo inamhusu kila mwenye mtoto anayetoka usaha sikioni.

Speke alizaliwa mwaka 1827 huko Devon, Uingereza, akawa askari India. Mwaka 1857 aliondoka pwani yetu pamoja na Richard Burton kutafuta maziwa makuu. Walifika Ujiji Februari 1858, yeye akiwa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho.

Mwezi uliofuata alivuka Ziwa Tanganyika kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja dhoruba ilitikisa hema lake. Alipowasha mshumaa, mbawakawa wakajaa ndani. Alipolala, mmoja akamwingia sikioni na kuanza kuchimba. Speke alimwaga siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Akachukua ncha ya kisu kidogo.

Mdudu alikufa, lakini sikio liliumia. Uso ulivimba, akashindwa kutafuna, na kwa miezi mingi sikio hilo lilikuwa karibu ziwi kabisa. Alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi hadi watu wakacheka. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka na nta kwa miezi.

Kwa nini mluzi? Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo, sikio la kati, chenye njia inayoshuka hadi nyuma ya pua. Ngoma ikitoboka, hewa ya puani inatokea sikioni. Maji na uchafu navyo vinaingia, usaha haukauki, na usikivu unapungua.

Hata hivyo Speke aliendelea. Agosti 1858 aliliona Ziwa Victoria. Novemba 1861 alifika Karagwe na James Grant. Januari 1862 alimwacha Grant kwa Rumanyika akiugua mguu, akavuka Mto Kagera kwenda Buganda, na Julai akaona Nile ikitoka ziwani. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake Septemba 15, 1864, akiwa na miaka 37.

Enzi zake hakukuwa na upasuaji wa kuziba ngoma kama wa leo. Siku hizi daktari anaweza kupitisha kwenye tundu la sikio kamera nyembamba, unene wa milimita 3 au 4, akaona kwenye skrini hata pembe zilizojificha, mara nyingi bila kuchana nyuma ya sikio. Huziba tundu kwa utando au gegedu ya mgonjwa mwenyewe. Ila mkono mmoja hushika kamera, hivyo hufanya kazi kwa mkono mmoja. Ugonjwa ukishaingia sana kwenye mfupa, bado hulazimu kuchana na kuchimba mfupa.

Kwa hiyo, mdudu akikuingia sikioni, usitumie kijiti, unyoya wala ufunguo. Nenda zahanati. Sikio linalotoa usaha usilitie mafuta wala dawa za kubahatisha. Likauke nje kwa kitambaa safi na lisiingie maji. Likizidi wiki mbili, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ya rufaa kwa kanda yetu. Mtoto asiyesikia vizuri darasani huonekana mzembe, kumbe anaumwa.