John Stuart Mill: alifundisha furaha ya wengi, akamtetea mmoja aliyenyongwa

John Stuart Mill alizaliwa London, nchini Uingereza, tarehe 20 Mei 1806. Baba yake, James Mill, na rafiki wa baba yake, Jeremy Bentham, walifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha kubwa kwa watu wengi zaidi. Walitaka mtoto huyo aendeleze kazi yao. Hakupelekwa kwenye masomo: baba yake alimfundisha nyumbani, Kigiriki akiwa na miaka 3, Kilatini miaka 8. Alipofika miaka 20 alivunjika moyo kabisa. Alijiuliza kama angefurahi siku ambayo mageuzi yote aliyoyapigania yangetimia, akaona hapana. Mashairi ya Wordsworth yalimsaidia kuinuka.

Toka 1823 hadi 1858 alifanya kazi kwenye ofisi za kampuni ya Kiingereza iliyotawala India. Pengine ndiyo sababu kitabu chake kuhusu uhuru, cha mwaka wa 1859, kina doa kubwa: aliona kwamba watu ambao hawajaendelea wanaweza kutawaliwa kwa nguvu, mradi ni kwa faida yao. Waliotawaliwa hivyo wanajua ni nani aliyekuwa akipima hiyo faida.

Mtihani mkubwa ulitoka Jamaica. Mwezi wa Oktoba 1865, wakaaji weusi wa Morant Bay waliasi. Liwali Edward Eyre alitangaza sheria ya kijeshi. Askari wakaua watu zaidi ya 400, wakachapa viboko karibu 600, wakachoma nyumba karibu 1.000. George William Gordon, mbunge wa kisiwa hicho aliyekuwa akimpinga liwali, alikamatwa Kingston, mji ambao sheria hiyo haikuuhusu. Alipelekwa kwa meli hadi Morant Bay, korti ya kijeshi ikamhukumu, akanyongwa.

Waandishi wakubwa kama Charles Dickens na Thomas Carlyle walimtetea Eyre: kwao, alikuwa ameokoa kisiwa kizima. Ukifuata hesabu ya Bentham haraka haraka, utaona hawakuwa mbali nayo: wachache wafe, wengi wapone. Mill, ambaye sasa alikuwa mbunge wa Westminster, alikataa. Aliongoza kamati iliyotaka Eyre ashitakiwe kwa mauaji. Kwake, usalama ni faida inayopita zingine zote, na mahali ambapo liwali anaweza kuua nje ya sheria, hata hao wengi hawana usalama.

Alipokea barua za matusi na za kumtishia kifo. Eyre hakuhukumiwa hata mara moja. Kwenye uchaguzi wa 1868, Mill alipoteza kiti chake.

Alikufa Avignon, nchini Ufaransa, tarehe 7 Mei 1873, akazikwa kando ya mke wake, Harriet. Mwaka uliofuata, serikali ya Uingereza ilimpa Eyre pensheni ya liwali.