Benjamin Franklin na Fimbo ya Radi

Benjamin Franklin alizaliwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1706. Baba yake alikuwa fundi wa sabuni na mishumaa, mwenye watoto 17, wala hakuwa na fedha ya kuwasomesha wote. Basi Benjamin alitolewa shuleni akiwa na miaka 10, kisha akatiwa katika kazi ya kupiga chapa kwa ndugu yake mkubwa. Ndugu huyo alikuwa akimpiga. Hata mwaka 1723 Benjamin akatoroka, akaenda Philadelphia, na huko akawa mpiga chapa mwenye mali.

Alipofika miaka 40 hivi alianza kuchungua umeme. Aliwaza kwamba radi na cheche ndogo itokayo katika kioo kilichosuguliwa ni kitu kimoja. Mwaka 1752 akarusha tiara penye mawingu ya ngurumo, akaona cheche zikitoka katika ufunguo uliofungwa kwenye uzi. Ninyi msiige jambo hilo! Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja, Richmann, aliuawa na radi huko St. Petersburg, Urusi, katika kujaribu mambo kama hayo.

Franklin akawafundisha watu kusimamisha fimbo ya chuma juu ya paa na kuishusha mpaka ardhini. Wengi huitazama ncha ya juu tu, kumbe kazi kubwa iko chini. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri, na radi ikikosa njia hurukia ukuta na watu. Mwaka 1772 Franklin alikuwa Uingereza, naye akawa mmoja wa wataalamu walioulizwa jinsi ya kuzilinda ghala za baruti za Purfleet. Wakashauri vichimbwe visima vyenye maji ya futi 4 au zaidi, na vyuma vishukie humo. Franklin hakujiwekea haki ya kutoza watu fedha kwa ajili ya fimbo zake. Alikufa mwaka 1790.

Lakini maji hayapatikani pote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani mwingine, Herbert Ufer, alitakiwa kuzilinda ghala za mabomu huko Arizona, nchi kavu sana. Yeye alizitumia nondo, yaani fito za chuma zilizomo ndani ya zege la msingi. Zege lililofukiwa hushika unyevu, nalo hugusana na ardhi mahali pengi, hivyo umeme hupita humo kwa urahisi kuliko katika mchanga mkavu. Akaendelea kupima kwa miaka karibu 20, akaona njia hiyo ingali njema. Leo mafundi wa nchi nyingi hufunga waya wa ardhi kwenye nondo hizo kabla zege halijamwagwa, maana likiisha kukauka ni shida kuzifikia.