Deraya za Kweli, Historia ya Kubuni

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea nakala ya picha ya malkia kijana aliyeshika upanga, upanga wenyewe ukigusa bega la shujaa aliyepiga magoti mbele yake. Alinuia kuitumia katika insha yake iwe ushahidi wa maisha ya Waingereza katika Enzi za Kati. Nilimuuliza ilichorwa lini. Hakujua. Picha hiyo, The Accolade, ilichorwa mwaka wa 1901, na mchoraji wake, Edmund Blair Leighton, aliishi katika zama za garimoshi na simu.

Leighton alizaliwa jijini London mnamo Septemba 21, 1852. Babake, Charles, alikuwa mchoraji vilevile, lakini alifariki mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Kijana huyo alianza kujitafutia riziki katika ofisi ya mfanyabiashara wa chai. Jioni alihudhuria masomo ya uchoraji huko South Kensington na katika shule ya Heatherley, hadi alipojiunga na shule za Akademia ya Kifalme ya Sanaa.

Kuanzia 1878 hadi 1920, kazi zake zilitundikwa katika maonyesho ya Akademia hiyo. Hata hivyo, katika muda huo wote wa zaidi ya miaka 40, hakuchaguliwa kuwa mwanachama wake. Umma ulimpenda; wakuu wa sanaa hawakumpa kiti. Alifariki mnamo Septemba 1, 1922.

Sifa yake kubwa ilikuwa uangalifu. Alikusanya silaha, deraya na ala za muziki za kale ili asikosee anapozichora. Ukizitazama picha zake, utaona kila pete ya vazi la chuma na kila mkunjo wa hariri. Hapo ndipo penye mtego, kwa maana mtazamaji anayeona kwamba upanga ni wa kweli huamini upesi kwamba kisa nacho ni cha kweli.

Chukua mfano wa God Speed, iliyoonyeshwa mwaka wa 1900. Bibi mwenye nywele ndefu anamfunga shujaa aliyekwisha kupanda farasi kitambaa chekundu mkononi kabla hajaondoka kwenda vitani. Hakuna tope, hakuna jeraha, wala hakuna mkulima ambaye shamba lake litakanyagwa. Mwaka huohuo, majeshi ya Uingereza yalikuwa Afrika Kusini yakipigana na Makaburu, yakichoma mashamba na kuwatia wanawake na watoto kambini. Sidai kwamba Leighton alikusudia kuificha vita hiyo. Ninachosema ni kwamba taifa lililokuwa vitani lilipewa sura ya vita iliyo safi na yenye mapenzi, nalo likaifurahia.

Katika taaluma yangu ya isimu, tunajua kwamba sentensi yaweza kuwa na sarufi isiyo na dosari ilhali inasema uongo. Vivyo hivyo kwa picha: deraya na hariri ni msamiati wake, na usahihi wa msamiati hauthibitishi ukweli wa kauli.

Je, tumlaumu Leighton? La hasha. Yeye hakuwa mwanahistoria. Aliwachorea watu wa miji ya viwanda na moshi ndoto waliyoitamani, na aliichora kwa ustadi. Kosa ni letu sisi walimu tunapobandika picha ukutani au kitabuni bila kutaja nani aliichora, lini, na kwa ajili ya nani. Mwanafunzi aliyezoezwa hivyo ataamini pia filamu, sanamu na hadithi yoyote inayompendezesha mtawala, mradi mavazi yamepatana na wakati.

Sikumshauri mwanafunzi wangu aitupe picha ile. Nilimwambia kwamba ni ushahidi mzuri sana, ila si wa Enzi za Kati. Ni ushahidi wa Waingereza wa mwaka 1901 na mambo waliyopenda kuyaamini kuhusu wazee wao. Aliondoka nayo na kuiandika insha upya. Safari hii alianza na tarehe ya picha.