Jeevanjee na Neno "Bazaar"

Neno "bazaar" hutumiwa na Waingereza kama lao, lakini asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni soko. Wafanya biashara walilieneza hadi Ulaya. Kwa Mwingereza ni soko la nchi za mashariki, ama uuzaji wa vitu kwa ajili ya kuchangia maskini. Katika Nairobi ya kale lilikuwa na maana nyingine tena: mtaa wa Wahindi.

Aliyeijua vyema maana hiyo ni marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee. Alizaliwa Karachi mwaka 1856, Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, akafika Mombasa mwaka 1890. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, alipata kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwapa chakula. Huko huko Mombasa alianzisha gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, naye akaifuata. Mwaka 1902 tauni iliingia mjini, na wakuu wa serikali wakaichoma moto bazaar ya Wahindi. Jeevanjee alijenga maduka, na soko likaitwa kwa jina lake. Mali alikuwa nayo, lakini mipaka aliwekewa. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza ilikata shauri kuwa Wahindi wasipewe ardhi ya nyanda za juu. Mjini nako, vilima vya magharibi kama Kilimani na Kileleshwa vilikuwa vya Wazungu. Mhindi mahali pake palikuwa bazaar.

Jeevanjee hakunyamaza. Alikuwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1910 aliyapeleka malalamiko hayo mpaka London. Nyanda za juu zilibaki za Wazungu.

Alifariki Nairobi mwaka 1936, na mali yake imepungua. Lakini ile bustani aliyoutolea mji mwaka 1906 ilibaki. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga juu yake. Mjukuu wake, Zarina Patel, pamoja na Wangari Maathai wakaupinga, na bustani ikasalimika.

Bazaar Street sasa ni Biashara Street. Hatua chache kutoka hapo ipo bustani ya Jeevanjee, na anayetaka kupumzika huketi bila ya kuulizwa kabila lake.