Homi Bhabha

Homi Jehangir Bhabha (30 Oktoba 1909 – 24 Januari 1966) alikuwa mwanafizikia wa Uhindi na mwanzilishi wa mpango wa nishati ya nyuklia wa nchi hiyo. Anakumbukwa hasa kwa mpango wa hatua tatu wa kuzalisha umeme kwa thori (pia: thoriamu), metali nururifu inayopatikana kwa wingi katika mchanga wa pwani ya Uhindi. Alifariki kabla nchi yake haijawasha taa hata moja kwa umeme wa nyuklia, na hatua ya tatu ya mpango wake haijakamilika hadi leo.

Maisha ya awali na elimu

Bhabha alizaliwa mjini Bombay (leo Mumbai) katika familia tajiri ya Waparsi. Baba yake alikuwa mwanasheria, na shangazi yake aliolewa na Dorabji Tata, mmoja wa wenye viwanda wakubwa wa Uhindi. Familia ilitaka awe mhandisi ili baadaye afanye kazi katika kiwanda cha chuma cha Tata kule Jamshedpur. Kwa sababu hiyo alipelekwa Uingereza mwaka 1927 kusoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Akiwa huko alivutiwa zaidi na fizikia. Baba yake alikubali abadilishe masomo kwa sharti kwamba kwanza amalize uhandisi kwa alama nzuri. Bhabha alitimiza sharti hilo mwaka 1930, akaendelea na hisabati, kisha akapata shahada ya uzamivu katika fizikia mwaka 1935. Hesabu zake kuhusu mgongano wa elektroni na positroni zinaitwa hadi leo kwa jina lake. Mwaka 1937, pamoja na Walter Heitler, alieleza jinsi chembe moja yenye nguvu kutoka anga-nje inavyozaa mvua ya chembe nyingine inapoingia katika angahewa ya dunia. Mwaka 1941 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Kurudi Uhindi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, Bhabha alikuwa likizoni nyumbani. Hakuweza kurudi Cambridge, akapata kazi katika taasisi ya sayansi ya Bangalore iliyokuwa na mwanafizikia mashuhuri C. V. Raman. Mwaka 1944 aliiandikia taasisi ya hisani ya familia ya Tata akiomba fedha za kujenga kituo cha utafiti. Alitaka nishati ya nyuklia itakapoanza kuzalisha umeme duniani, Uhindi iwe na wataalamu wake yenyewe. Kituo hicho, Tata Institute of Fundamental Research, kilianzishwa mwaka 1945.

Baada ya uhuru Bhabha alikuwa karibu na waziri mkuu Jawaharlal Nehru. Mwaka 1948 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Nishati ya Atomiki. Mwaka 1954 akawa pia katibu mkuu wa idara mpya ya nishati ya atomiki iliyowajibika moja kwa moja kwa waziri mkuu. Usiri wa kazi hiyo ulilalamikiwa na baadhi ya wabunge tangu mwanzo.

Mpango wa thori

Uhindi ilikuwa na urani kidogo tu. Lakini katika fukwe za Kerala, kusini-magharibi mwa nchi, mchanga mweusi una monaziti, madini yenye asilimia 8 hadi 10 hivi ya oksidi ya thori. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa Ulaya walinunua monaziti hiyo kwa ajili ya taa: oksidi ya thori ilitumika katika kifuko cha wavu kinachong'aa ndani ya taa za gesi na karabai. Bhabha aliona kwamba mchanga huohuo ungeweza kuwa akiba ya nishati ya taifa zima.

Kulikuwa na kikwazo. Thori ya kawaida (thori-232) haiwezi kuendesha kinu cha nyuklia peke yake. Ni kama mkaa ambao hauwaki mpaka uwekewe kaa la moto. Atomu yake ikimeza nyutroni hugeuka kuwa protaktini, na baada ya wiki kadhaa kuwa urani-233, ambayo ndiyo fueli halisi. Kwa hiyo zinahitajika kwanza nyutroni kutoka fueli nyingine.

Mpango ambao Bhabha alieleza mwaka 1954 ulijibu tatizo hilo kwa hatua tatu:

1. Vinu vinavyotumia urani ya kawaida na maji mazito huzalisha umeme, na katika mabaki yake hupatikana plutoni.
2. Plutoni hiyo hutumika katika vinu vinavyozalisha fueli zaidi ya wanayotumia, na thori ikizungushiwa humo hugeuka kuwa urani-233.
3. Urani-233 hutumika pamoja na thori katika vinu vya kudumu, na urani ya kuchimbwa haihitajiki tena.

Mwaka 1955 Bhabha alikuwa rais wa mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva kuhusu matumizi ya amani ya nishati ya atomiki. Tarehe 4 Agosti 1956 kinu cha utafiti Apsara kilianza kufanya kazi Trombay, karibu na Bombay. Kilikuwa cha kwanza barani Asia nje ya Umoja wa Kisovyeti.

Suala la silaha

Plutoni inayohitajika katika hatua ya pili inaweza pia kutengeneza bomu. Kinu cha CIRUS, kilichoanza mwaka 1960, kilitolewa na Kanada kwa matumizi ya amani. Mwaka 1974, miaka minane baada ya kifo cha Bhabha, plutoni kutoka kinu hicho ilitumika katika jaribio la kwanza la nyuklia la Uhindi. Wanahistoria bado wanajadili Bhabha mwenyewe alikusudia nini. Hadharani alitetea upunguzaji wa silaha, lakini hakutaka Uhindi ifungwe mikono.

Kifo na urithi

Tarehe 24 Januari 1966 Bhabha alikuwa safarini kwenda Vienna wakati ndege ya Air India ilipogonga mlima Mont Blanc. Watu wote 117 waliokuwemo walikufa. Alikuwa na umri wa miaka 56 na hakuwahi kuoa. Mbali na sayansi, alikuwa mchoraji na mpenzi wa muziki. Mwaka 1967 kituo cha Trombay kilipewa jina lake.

Kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia cha Uhindi kilifunguliwa Tarapur mwaka 1969. Kilijengwa na kampuni ya Marekani na kutumia urani iliyorutubishwa kutoka nje, yaani nje ya hatua zote tatu. Kinu kidogo cha KAMINI huko Kalpakkam, kilichoanza mwaka 1996, kinatumia urani-233 iliyotokana na thori, lakini nguvu yake ni kilowati 30 tu.

Thori katika Afrika ya Mashariki

Ng'ambo ya pili ya Bahari Hindi pia kuna mchanga mzito wa aina hiyo. Huko Fungoni, Kigamboni, eneo lililokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Temeke mkoani Dar es Salaam, mchanga una ilmenaiti, rutili na zirkoni pamoja na monaziti kidogo. Nchini Kenya, kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kinajulikana kwa niobi, madini adimu na thori. Katika Tanzania, usalama wa madini yenye mnururisho husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Historia ya mpango wa Bhabha inaonyesha kwamba kuwa na thori mchangani hakutoshi. Uhindi ilikuwa na madini, wanasayansi na msaada wa serikali, na bado zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake umeme wake mwingi wa nyuklia unatokana na urani.