Mtakatifu Margaret wa Uskoti: mgeni aliyewaona wasioonekana



Hapa seminarini tuna wenzetu waliotoka nchi jirani. Mmoja wao ananiambia kila akienda likizo kwao watu wanamcheka, eti siku hizi anaongea kama Mtanzania. Akirudi huku, hamalizi wiki kabla hajaulizwa kwao ni wapi. Siku moja tulikuwa zamu ya kuosha vyombo, akasema tu, bila hasira, kwamba amechoka kuwa mgeni sehemu mbili. Mimi nimesoma falsafa, nimejaza madaftari kuhusu swali la mtu ni nani, lakini pale kwenye masufuria sikuwa na la kumjibu. Nikaendelea kusugua.

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mko hivyo hivyo. Kuna Mtanzania anayetafuta riziki Nairobi, Mrundi aliyezaliwa kambini Kigoma, Mkongo anayesoma Kampala, na dada aliyeolewa ng'ambo ya mpaka ambaye watoto wake wana majina ya upande mmoja na lugha ya upande mwingine. Basi leo nawaletea mwanamke aliyeishi maisha hayo karibu miaka elfu moja iliyopita. Kanisa linamkumbuka kila tarehe 16 Novemba.

Mtoto wa nchi tatu

Margaret alizaliwa karibu mwaka 1045 huko Hungaria, lakini hakuwa Mhungaria kwa baba. Babu yake, Edmund, alikuwa mfalme wa Uingereza. Edmund alipofariki mwaka 1016, nchi ikachukuliwa na Mfalme Canute wa Denmark, na mtoto mchanga wa Edmund, aliyeitwa Edward, akapelekwa mbali uhamishoni. Edward huyo alikulia ugenini, akaoa mwanamke aitwaye Agatha, wakapata watoto watatu: Margaret, Cristina na Edgar.

Mwaka 1057 familia ikaitwa irudi Uingereza, kwa sababu mfalme wa wakati huo, Mtakatifu Edward Muungamishi, hakuwa na mtoto wa kurithi kiti. Wakafunga safari. Lakini siku chache tu baada ya kufika, baba akafariki. Hebu jiweke kwenye nafasi ya binti wa miaka kama kumi na miwili. Umeacha nchi uliyoizoea, umefika nchi unayoambiwa ndiyo kwenu, na yule pekee aliyekuwa anakuunganisha na nchi hiyo hayupo tena.

Walibaki, wakalelewa katika nyumba ya mfalme. Ndipo ukaja mwaka 1066. Mfalme Edward akafa, na kabla mwaka haujaisha William wa Normandy alivuka bahari, akashinda vita vya Hastings na kuvikwa taji. Kaka wa Margaret, Edgar, ndiye aliyekuwa na damu ya kifalme, kwa hiyo kubaki pale ilikuwa hatari. Karibu mwaka 1068 mama na watoto wake wakakimbia tena, safari hii kwenda nchi jirani ya kaskazini: Uskoti.

Ndoa ambayo hakuitafuta

Mfalme wa Uskoti aliitwa Malcolm. Naye alijua maana ya kukimbia. Baba yake, Mfalme Duncan, aliuawa mwaka 1040 na Macbeth akatwaa ufalme. Malcolm anasimuliwa kuwa alikimbilia Uingereza akiwa kijana, na kweli Kiingereza alikijua sawasawa na lugha yake. Alikuwa mjane mwenye watoto. Akamtaka Margaret.

Waandishi wa zamani wanasema Margaret alitamani kumtumikia Mungu bila kuolewa, kama dada yake Cristina ambaye baadaye aliingia utawani. Kaka yake naye alisitasita. Lakini walikuwa wakimbizi, wanakula mezani kwa mfalme na kulala chini ya ulinzi wake. Unaweza kumkatalia nini mtu wa namna hiyo? Karibu mwaka 1070 ndoa ikafungwa Dunfermline. Naliandika hili wazi kwa sababu watakatifu hawakuanza maisha yao mahali panapopendeza. Margaret alianza mahali ambapo hakuchagua, kisha akafanya kazi na Mungu hapo hapo.

Na nyumba ile ikawa na upendo wa kweli. Malcolm hakujua kusoma. Lakini alikuwa akichukua vitabu vya sala vya mke wake, anavigeuzageuza mikononi na kuvibusu. Kitabu ambacho mke wake anakipenda zaidi, alikipeleka kwa fundi kipambwe kwa dhahabu na vito, kisha akamrudishia kama zawadi. Na kuna hili ambalo hunichekesha: Margaret alikuwa anachukua kimyakimya sarafu za dhahabu za mumewe ili kuwapa maskini. Mfalme alijua fika, akajifanya haoni. Mara nyingine alimkamata mkono ukiwa na sarafu ndani, akamtania kwamba atamshtaki.

Walipata watoto wanane, wavulana sita na wasichana wawili. Angalia majina ya wavulana wanne wa kwanza: Edward, Edmund, Ethelred, Edgar. La kwanza ni la baba yake Margaret, la pili la babu yake, la tatu la baba wa babu yake, la nne la babu wa babu yake. Hapo hakuna jina hata moja la upande wa kiumeni! Ni kama mama alikuwa anawahesabia watoto ukoo wake, hatua kwa hatua kurudi nyuma, wasije wakasahau. Lakini wawili wa mwisho waliitwa Alexander na David, majina ambayo hayakuwa ya wafalme wa Uingereza wala ya wafalme wa Uskoti. Mimi hufikiri kwamba kufikia hapo nyumba ile ilishakuwa na kitu chake yenyewe, si cha huku wala cha kule.

Jeraha lililokuwa mezani

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu. Malcolm alikuwa akivamia kaskazini mwa Uingereza mara kwa mara. Katika uvamizi wa mwaka 1070, jeshi lake lilichoma vijiji na kuswaga watu kama mifugo hadi Uskoti, wakafanywa watumwa. Waandishi wa wakati ule wanasimulia kwamba hapakuwa na kijiji wala nyumba ndogo isiyokuwa na mtumwa Mwingereza.

Jamani, mnaona alivyobanwa? Watumwa hao ni watu wa baba yake. Aliyewateka ni mume wake, baba wa watoto wake. Na nchi iliyompokea yeye kwa heshima ndiyo iliyowapokea wao kwa minyororo. Margaret angeweza kujisemea kwamba yeye sasa ni malkia wa Waskoti, mambo ya Waingereza hayamhusu. Ni rahisi sana kufanya hivyo. Mgeni aliyefanikiwa mara nyingi ndiye wa kwanza kuwakana wenzake. Au angeweza kujaa chuki dhidi ya nyumba aliyoolewa.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alituma watu kwa siri waende huku na huko nchini, wachunguze ni watumwa gani wanateswa zaidi na nani anawatesa. Wakishamletea habari, alitoa fidia, akawakomboa, wakawa huru. Turgot, mmonaki aliyemfahamu na kuandika maisha yake, anasema waliokombolewa hivyo walikuwa wengi wasiohesabika.

Na wema wake haukuwa wa Waingereza peke yao. Alikusanya yatima wadogo, akawapakata na kuwalisha kwa kijiko chake mwenyewe. Katika majira ya Majilio na Kwaresima, yeye na mumewe waliwahudumia maskini mia tatu ukumbini, wakiwapa chakula kwa mikono yao. Waliotaka kuhiji kwa Mtume Andrea aliwawekea vyombo vya kuwavusha maji bila nauli. Mahali pale hadi leo panaitwa Queensferry, yaani kivuko cha malkia.

Aliyekuja na desturi zake

Margaret pia aliona mambo katika Kanisa la Uskoti ambayo yalimshangaza. Kwaresima haikuanza Jumatano ya Majivu. Dominika watu walifanya kazi kama siku nyingine. Wengi hawakupokea Komunyo hata siku ya Pasaka, wakihofia kwamba hawastahili. Kukafanyika mikutano ya kujadili, yeye akieleza hoja zake kwa upole. Kwa kuwa viongozi wa Kanisa pale waliongea Kigaeli, mkalimani wake alikuwa mfalme mwenyewe. Kuhusu Komunyo aliwaeleza kwamba kama wote wasiostahili wangekatazwa, basi asingebaki wa kupokea. Anayetubu na kuungama asogee.

Lakini hakuwadharau wenyeji. Uskoti ilikuwa na wakaapweke waliosali kwa ukali wa maisha, kwa namna yao ya kale. Malkia alikuwa akiwaendea walipo, akiwaomba wamwombee, akiuliza wanahitaji nini. Hawakutaka mali. Basi akawaomba wampe kazi yoyote ya huruma waliyoona inafaa, naye akaitekeleza. Mgeni mwenye elimu anakwenda kuagizwa na mzee wa porini! Huo ndio unyenyekevu.

Mwisho wake

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Hakuweza kuzuia vita vya mumewe. Mwaka 1093 alimsihi asiende na jeshi, lakini ushauri wake haukufuatwa. Tarehe 13 Novemba Malcolm aliuawa karibu na Alnwick, na mtoto wao wa kwanza, Edward, akafa katika msafara uleule. Margaret alikuwa mgonjwa kitandani huko Edinburgh. Siku tatu baadaye mwanae Edgar alirudi kutoka vitani. Mama akamuuliza habari. Kijana akajaribu kuficha, asimuue mama kwa uchungu. Mama akamwapisha kwa Msalaba aliokuwa ameushika aseme ukweli, naye akasema. Margaret akamshukuru Mungu hata kwa uchungu ule wa mwisho, akaomba akombolewe, akafariki. Ilikuwa tarehe 16 Novemba.

Baada ya mazishi, ndugu yake Malcolm alitwaa kiti, na Waingereza waliokuwa katika nyumba ya mfalme wakafukuzwa. Miaka zaidi ya ishirini ya wema, na bado watu waliambiwa warudi kwao. Watoto wake wakakimbilia Uingereza, wakimbizi kama mama yao. Hata hivyo baadaye watatu wao, Edgar, Alexander na David, walitawala Uskoti mmoja baada ya mwingine. Binti yake Edith, aliyelelewa Uingereza na shangazi... hapana, nisahihishe, na mama yake mdogo Cristina, aliolewa mwaka 1100 na Mfalme Henry, mwana wa yule William aliyewafukuza. Edith ndiye aliyemwomba Turgot aandike maisha ya mama yake, kwa sababu sura yenyewe hakuikumbuka vizuri. Mwaka 1250 Kanisa lilimtangaza Margaret kuwa mtakatifu.

Jibu la pale kwenye masufuria

Nilirudi kwa yule mwenzangu nikamsimulia haya yote. Nilichokiona ni hiki: sioni kwamba Margaret aliwahi kumaliza swali la kwao ni wapi. Alichofanya ni kuuliza swali jingine. Ni nani hapa anateseka, ambaye mimi naweza kumwona kwa sababu ya nilikotoka? Wale watumwa walikuwa katika kila nyumba. Wenyeji walishawazoea, kama tunavyozoea vyombo. Aliyewaona ni mgeni.

Sasa wewe. Labda kwenye mtaa unaoishi kuna msichana wa kazi aliyeletwa kutoka nchi yenu, hana simu, hajui lugha, mshahara wake "anatunziwa". Kuna kijana aliyeahidiwa kazi ya dukani akajikuta machimboni. Jirani zake wanapita tu. Wewe unaijua lugha yake. Unajua hata anapocheka kama anaficha kitu. Ugeni unaouona mzigo unaweza kuwa ndiyo macho ambayo Mungu amekupa. Anza kwa salamu ya kwenu. Kisha mpeleke kwa paroko, kwa masista, kwa mtu mzima unayemwamini, usibebe peke yako jambo zito. Na wewe uliye mwenyeji, acha kumuuliza mwenzako kila wiki kwao wapi. Muulize amekula nini.

Mwenzangu alisikiliza hadi mwisho. Hakusema lolote kuhusu kuchoka. Aliniuliza tu kama yule mama anayeuza mihogo nje ya geti ni mtu wa kwao, maana ameisikia lafudhi. Jumapili iliyofuata alikwenda kumsalimia.

Tusali: Ee Mungu, uliyempa Mtakatifu Margaret moyo wa kupenda nchi aliyopewa bila kuwakana watu alikotoka, utupe nasi kuwaona wanaoteseka karibu yetu, na ujasiri wa kuwasogelea. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Margaret wa Uskoti, utuombee.